Mgonjwa Aliyejibu Sifuri Kila Asubuhi

Nimestaafu mwezi uliopita. Asubuhi ya kwanza ya ustaafu nilishtuka saa kumi na mbili na nusu, nikapapasa chini ya mto kutafuta simu ambayo si yangu tena. Mume wangu akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia natafuta wagonjwa. Akageukia ukutani akaendelea kulala, amenizoea.

Sista aliyepokea meza yangu ya simu hospitalini aliniomba nimwandikie maelekezo. Maelekezo yapo, droo ya pili, yamechapwa vizuri na yana picha za rangi. Kasoro yake ni moja tu: yaliandikwa na watu ambao hawajawahi kumsalimia Mnyambo, mwenyeji wa huku kwetu Karagwe. Kwa hiyo naandika haya, kwa ajili yake na kwa ninyi wote mtakaokaa kwenye kile kiti chenye mguu mbovu. Vyeo sitavitaja. Mshahara mnaujua, hauna hadithi.

Nilianza unesi kwenye zahanati moja upande wa Kyerwa, enzi hizo Kyerwa ikiwa bado sehemu ya Karagwe. Niliripoti na sanduku la bati, sare mbili na kiburi cha chuoni. Mganga wa zahanati alikuwa safarini na ufunguo wa stoo ya dawa alikuwa ameondoka nao. Nikapokea wagonjwa siku nzima nikiwa na kipimajoto na kikombe. Mama mmoja akaniambia, "Sista, wewe leo tusalimie tu, dawa tutarudi kuchukua." Basi nikawasalimia, mmoja baada ya mwingine. Wote walijibu kurungi, yaani vizuri, salama. Mmoja wao alikuwa amevunjika mkono. Ningekuwa na akili ningejifunza siku hiyo hiyo, lakini somo lile lilinichukua zaidi ya miaka thelathini.

Baadaye nilihamishiwa wodi ya kifua, hospitalini Kayanga, na huko ndiko nilikokutana na Daktari Deus. Alikuwa tabibu mfupi, mwenye sauti ya chini na miwani iliyofungwa kwa waya, na hakuwahi kuniambia nimefanya vizuri. Akiridhika alikuwa anakohoa kidogo. Alinifundisha kwamba huku kwetu kila anayekohoa huhesabiwa ana TB, na kwamba kikohozi kinachokataa dawa za TB usikigombeze wala usikiongezee dozi, kipeleke kikapigwe picha. Alinifundisha pia kwamba mgonjwa wa kifua humhesabii pumzi tu, unamhesabia na maneno.

"Muulize amepanda nini msimu huu," alisema. "Mkulima hawezi kulijibu hilo kwa kifupi. Akikatika kabla hajafika kwenye maharage, tafuta kitanda."

Nilimcheka. Halafu nikaanza kuhesabu, na mazoea yana taabu: mpaka leo kanisani nahesabu maneno ya padre kati ya pumzi na pumzi. Ni mzima kabisa, anaweza kwenda muda mrefu, na huwa anakwenda.

Meza ya simu ilikuja miaka yangu ya mwisho. Kulikuwa na mradi, na mradi ulikuwa na semina pale Kayanga, na semina ilikuwa na maandazi. Aliyetufundisha ni Dada Nuru, fundi wa mfumo kutoka Dar es Salaam, msichana mwerevu aliyezungumza haraka na kuvaa viatu vyeupe msimu wa mvua. Alitueleza kwamba mgonjwa wa saratani ya mapafu akisharudi nyumbani anaweza kujisimamia mwenyewe kwa msaada wa simu. Neno hilo, kujisimamia, lilikuwa kwenye kila ukurasa. Daktari Deus aliinua mkono akauliza kama mgonjwa mwenyewe amejulishwa.

Niwe mkweli, wazo lilikuwa zuri, na bado ni zuri. Watu wenyewe ni wale ambao hospitali kubwa ya kanda imeshawapa ilichoweza kuwapa, ikawarudisha nyumbani. Nyumbani ni Nyakakika, au Nyakasimbi, au ndani kabisa huko Kyerwa, ambako mvua ikinyesha hata dereva wa bodaboda anakuombea tu, haendi. Kila mgonjwa tulimpa kijitabu, chupa ndogo ya mofini ya kunywa, dawa ya kulainisha choo na feni ya mkononi ya betri. Tulimfundisha na mtu wa nyumbani kwake. Kila saa moja asubuhi mfumo ulituma ujumbe kwenye kiswaswadu chake, simu ndogo ya vitufe: "Habari za asubuhi. Pumzi ikoje leo? Maumivu je? Kikohozi je?" Anajibu kwa tarakimu tatu. Sifuri ni hakuna shida, moja ni kidogo, mbili ni sana, tatu ni nimeshindwa. Ikija tatu, kompyuta inawaka nyekundu na mimi napiga simu. Zikija sifuri inawaka kijani na mimi nakunywa chai.

Mzee Yoeli wa Nyakakika alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuandikishwa. Mkulima wa kahawa na migomba, mzee wa kanisa la Kilutheri, mrefu, mwenye koti moja la heshima. Hakuvuta sigara maishani mwake, na jambo hilo alilieleza kwa kila daktari kama mtu anayekata rufaa. Alikuwa ametibiwa TB miezi mingi kabla picha haijasema ukweli. Alikuja na mke wake, Ma Eunike, mama mdogo wa umbo, mkimya, aliyebeba faili kwenye mfuko wa unga.

Tulipomaliza kumweleza, Mzee Yoeli alimtuma mkewe nje akanunue maji ya kunywa. Mlango ulipofungwa akaniinamia.

"Sista, nitakufa, hilo msihangaike kulificha. Ninachouliza ni nitakufaje. Kaka yangu alikufa akigombania hewa, macho yamemtoka, mkono amenishika hapa." Akanionyesha pale kwenye kiwiko. "Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Lisinikute hilo. Na Mama asilijue."

Nikamjibu, "Halitakukuta, Mzee."

Daktari Deus alinitazama juu ya ile miwani yake. Tulipotoka kwenye korido akaniambia, "Paskazia, umeahidi kitu ambacho mimi sijawahi kumwahidi mtu."

"Basi nifundishe kukitimiza," nikasema.

Akanifundisha, na mimi nikamfundisha Ma Eunike. Pumzi ikibana, mgonjwa asilazwe. Akae, ainame mbele kidogo, mikono juu ya mto uliowekwa mezani. Mlango ufunguliwe, watu wasimzunguke. Feni ielekezwe usoni, kati ya pua na mdomo, maana hewa inayogusa uso huidanganya akili ikatulia, na huo ni uongo halali. Atoe pumzi taratibu kwa midomo iliyobanwa, kama anayepoza uji. Halafu mofini kwa kipimo kilichoandikwa, si zaidi, si pungufu. Na kuhusu choo, ninyi vijana mnaona haya kukiuliza: ulizeni. Mofini inafunga tumbo, na nimeona watu wakiacha dawa ya kuwapumzisha kwa sababu ya choo tu. Papai na ile dawa ya kulainisha, kila siku, bila mjadala.

Ma Eunike alirudia yote mara mbili bila kukosea. Nikaenda nyumbani nimeridhika.

Mzee Yoeli akaanza kujibu. Sifuri, sifuri, sifuri. Kila siku, dakika mbili tatu baada ya saa moja. Mwezi mzima skrini yangu ilikuwa kijani upande wake kama shamba la majani ya chai. Dada Nuru akamweka kwenye taarifa yake kama mfano wa mgonjwa anayejisimamia, na nadhani picha ya ile kijani ilionyeshwa kwa watu wakubwa. Mimi nilikunywa chai.

Siku moja nilikwenda Nyakakika kumwona mgonjwa mwingine, nikaona si vizuri kupita bila kuingia kwa mgonjwa wetu wa mfano. Nilimkuta uani amekaa kwenye kiti, blanketi mabegani, jua linawaka. Uso ulikuwa na rangi ya majivu.

"Oraire ota, waitu?" nikamsalimia kwa heshima, umeamkaje.

"Kurungi."

Neno moja, halafu akavuta pumzi. Nikavuta kigoda nikamuuliza amepanda nini msimu huu.

"Maharage," akasema. Akavuta pumzi. "Na..."

Hakufika kwenye zao la pili. Ma Eunike akaleta kahawa za kutafuna kwenye kisahani, kama mgeni anavyostahili, nikachukua mbili nikatafuna, maana usipotafuna hakuna mazungumzo. Nilipokuwa nachukua ya tatu, Mzee Yoeli akasema, "Ila, sista, kulala ndiyo..." Akaonyesha kiti kwa kidole.

Nikamgeukia mkewe. "Analala hapo?"

"Usiku wa kumi na mbili huu. Akijilaza anazama."

"Na tarakimu anatuma nani?"

"Mimi. Miwani yake ilivunjika."

"Unamwona hajalala siku kumi na mbili, na unatuma sifuri?"

Ma Eunike alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyechanganyikiwa. "Sista, ule ujumbe unasema habari za asubuhi. Ninamsomea. Anasema kurungi. Sasa mimi niandike nini, kwamba mume wangu ni mwongo?"

Mzee mwenyewe akaongezea, kwa mafungu ya maneno mawili mawili, kwamba mtu hajakaa, hajatafuna hata kahawa moja, huwezi kumwanzia habari za kifua chako. Unamjibu salamu kwanza. Mengine yanafuata akishatulia. Tatizo ni kwamba ujumbe ulikuwa hautulii, ukishajibiwa unakwenda zake.

Nilikasirika mpaka masikio yakaniwaka. Nilimkasirikia Mzee Yoeli, nikamkasirikia mkewe, nikamkasirikia Dada Nuru na viatu vyake. Lakini aliyestahili hasira ile ni mimi. Dada Nuru alizaliwa mbali, hana kosa. Mimi nimezaliwa Nyakasimbi. Mama yangu mzazi alijibu kurungi asubuhi ya siku aliyomzika mdogo wangu, nikiwa nimesimama pembeni yake, na nilijua tangu nikiwa na miaka saba kwamba lile si jibu, ni mlango tu. Halafu nikawekwa mezani, nikapewa rangi ya kijani, nikaamini.

Tulimpakia kwenye gari la kukodi siku ile ile, ameketi. Mapafu yalikuwa yamezungukwa na maji. Daktari Deus alimchoma sindano mgongoni akayatoa taratibu, chupa moja ikajaa na ya pili ikafika nusu. Jioni Mzee Yoeli alijilaza ubavu akakoroma hivi kwamba mgonjwa wa jirani akalalamika. Nilisimama mlangoni nikimsikiliza. Ningechelewa siku mbili, ahadi yangu ingekuwa imevunjika mimi nikiwa na kikombe mkononi.

Kesho yake nikampigia Dada Nuru. Nikamwambia nataka ujumbe mara mbili. Wa kwanza umsalimie mgonjwa, basi, usimuulize kitu. Wa pili uje saa moja baada ya huo, na uende kwa mtu wa nyumbani.

"Sista, ujumbe wa kwanza utakuwa na kazi gani?"

"Kusalimia."

"Ndiyo, lakini unakusanya taarifa gani?"

"Haukusanyi. Unasalimia."

"Mfumo haukutengenezwa kwa ajili ya salamu, sista."

"Basi haukutengenezwa kwa ajili ya Karagwe."

Namsifu yule binti, alikuja. Nilimpeleka nyumba tatu, akala ndizi nyumba tatu, akatafuna kahawa mpaka mikono ikamtetemeka, na katika kila nyumba alisikia kurungi kwanza na ugonjwa baadaye. Usiku ule usingizi ulimkataa kwa sababu ya zile kahawa, na kulipokucha mfumo ulikuwa umebadilishwa.

Sasa shikeni hili, ndiyo sehemu ambayo haimo kwenye droo ya pili. Usimuulize mtu wa huku anajisikiaje. Uliza amefanya nini. Jana usiku alijilaza au aliketi? Kutoka mlangoni mpaka chooni alipumzika mara ngapi? Alimaliza chakula au aliacha? Mambo hayo mke anayaona kwa macho yake, na akiyasema hamvunjii mumewe heshima, anasimulia tu. Wiki ya kwanza ya maswali mapya, wagonjwa wangu karibu wote wa kijani waligeuka njano na nyekundu. Mkuu wangu alikuja mezani akaniuliza nimewafanya nini watu. Nikamwambia nimewasalimia.

Ma Eunike akawa mtoa taarifa bora kuliko manesi wengi ninaowajua. Aliketi nusu usiku. Alipumzika mara tatu, ya tatu kwenye mti wa parachichi. Aliacha ndizi, alimaliza mchuzi. Kwa taarifa hizo tulimwongezea dawa kidogo, tukampunguzia, tukamtoa maji mara nyingine kabla hajazama. Mzee Yoeli yeye aliendelea kujibu ujumbe wa kwanza kwa neno lile lile, mke akimwandikia.

Niliwahi kumuuliza Ma Eunike kwenye simu, "Anajua unanieleza?"

"Anajua."

"Mnayaongea?"

"Hapana, sista. Anaenda zake chini ya migomba ninapoandika."

Mvua za masika zilimkuta amedhoofika. Tulijua, Daktari Deus na mimi, kwamba sasa maji si tatizo tena, ni ugonjwa wenyewe umejaa. Nilikwenda, nikakaa na wote wawili, nikaeleza kinachokuja na cha kufanya kikija. Mzee alisikiliza akitazama sakafu. Mkewe alisikiliza akitazama ukuta. Nikatafuna kahawa zangu nikaondoka.

Wiki moja hivi baada ya siku hiyo, saa tano asubuhi, simu ya meza ililia. Si ujumbe, simu. Ma Eunike hakuwahi kunipigia, alikuwa na imani kwamba simu za sauti ni za misiba. Nilisikia kwanza injini ya gari, halafu mwanamume anafoka, halafu yeye.

"Sista, amebanwa. Erasto amekuja na gari. Anampeleka Mwanza."

Erasto ni mtoto wao mkubwa, anafanya kazi Mwanza. Alikuwa amefika asubuhi ile na gari la kukodi, akamkuta baba yake alivyo, akaona kwamba nyumba nzima imekaa inangoja. Simlaumu. Mtoto anayeishi mbali hubeba mapenzi yake yote kwa mkupuo, na huyafikisha yakiwa yamechemka.

"Mzee yuko wapi sasa hivi?" nikauliza.

"Kwenye gari. Wamemlaza kiti cha nyuma."

"Amelala chali?"

"Ndiyo, sista."

Nilisimama. Kile kiti kibovu kikaanguka nyuma yangu. "Mtoeni. Mketishe, Mama, sasa hivi. Weka simu kwa sauti ya juu."

Erasto akaja hewani. "Sista, shikamoo. Nisikilize. Hiyo mofini yenu ndiyo inayommaliza. Wewe uko Kayanga umekaa na simu, mimi ndiye mwanawe niko hapa. Ninakwenda naye."

"Marahaba, mwanangu. Mketishe kwanza, halafu tugombane."

"Tunapoteza muda!"

Nyuma yake nilimsikia Mzee Yoeli. Ninyi mtakaokaa pale mtaisikia sauti hiyo, na hakuna kijitabu kitakachowaandaa. Ni ya mtu anayevuta hewa isiyokuja. Nilikuwa nimemwahidi mtu yule kitu kimoja tu duniani, nami nilikuwa mbali naye, barabara ikiwa matope, na kati yetu kulikuwa na mama mmoja ambaye hajawahi kumpinga mwanamume yeyote katika ile nyumba, awe mume au mtoto.

"Ma Eunike," nikasema, "muulize mwenyewe."

Injini iliendelea kunguruma. Kisha nikamsikia, karibu sana na simu, "Baba Erasto. Unaendeleaje?"

Nilijua neno litakalokuja. Naapa nililijua, nilikuwa nimeshafumba macho.

"Eunike," akasema Mzee Yoeli. Akavuta. "Ninaogopa."

"Usinipeleke," akasema tena. "Nishike."

Halafu nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia, na ilinichukua muda kuelewa kuwa ni ya Ma Eunike. "Erasto! Zima gari!"

Injini ikazimika.

Wakamtoa, wakamketisha barazani. Nikamsikia akiagiza mto, meza, watu wasogee. Nilikuwa natamka hatua na yeye alikuwa ameshaifanya kabla sijamaliza. Kisha akasema, "Sista, feni betri zimekufa."

"Chukua ungo. Mpe Erasto apunge. Usoni, si kichwani."

"Erasto, shika. Hapa. Polepole."

Akampa mofini kwa kipimo chake. Nikaanza kuhesabu naye kutoa pumzi, kama anayepoza uji, mimi Kayanga, wao Nyakakika, Ma Eunike akihesabu kwa Kinyambo na mimi kwa Kiswahili, hesabu zetu hazikuoana kabisa. Dakika kumi hakuna kilichobadilika na nilidhani nimeshindwa. Zikapita nyingine. Kisha nikasikia ile sauti ya kuvuta inapungua, inapata nafasi kati ya moja na nyingine. Mzee akasema maneno matatu mfululizo: "Ungo una vumbi." Nililia pale mezani mbele ya mhudumu wa usafi. Nasema hivyo ili mjue inaruhusiwa.

Nilipata bodaboda ya kijana mkaidi, nikafika baada ya saa mbili nikiwa na matope mpaka kiunoni. Nilimkuta Mzee Yoeli anasinzia ameinamia mto, mkewe amemshika pale kwenye kiwiko. Erasto alikuwa bado anapunga. Shati limelowa.

"Sista, niache?" akaniuliza kwa kunong'ona.

"Unaweza kuacha, amelala."

Hakuacha.

Gari lilirudi tupu. Erasto alibaki. Mzee Yoeli aliishi siku tisa baada ya siku ile. Nilikwenda mara tatu, na siku nyingine zote taarifa zilikuja kama kawaida, safari hii wakiziandika wawili, yeye na mkewe, maana nilisikia kwenye simu wakibishana kama kijiko kimoja cha uji kinahesabika kuwa chakula. Siku ya tisa, mchana, alikuwa amejilaza ubavu, pumzi zinapishana kwa mbali, na moja haikufuatiwa na nyingine. Ma Eunike alinipigia akaniambia, "Sista, hakugombana na kitu." Nilimpigia Daktari Deus nikamwambia hivyo hivyo. Akakohoa kidogo.

Baada ya matanga nilirudi kuchukua chupa ya mofini iliyobaki, maana sheria inataka irudishwe na itiwe sahihi. Erasto alikuwa shambani anakata majani ya migomba. Ma Eunike alinikaribisha, akaleta kahawa, akangoja nitafune. Kisha akaleta chupa, ameifunga kwenye kitambaa safi, akaishika mapajani bila kunipa.

"Sista," akasema, "tumeishi na yule mzee miaka arobaini na mitatu. Kila kukicha namuuliza umeamkaje, kila kukicha ananijibu. Zile siku tisa ndizo tulizozungumza."

Nikamuuliza walizungumza nini.

"Kila kitu. Alivyoogopa tangu kaka yake. Mtoto wetu wa pili, yule tuliyemzika, sikujua kama naye alikuwa anamlilia. Alikuwa ananiamsha kuniambia." Akanikabidhi chupa, akakunja kile kitambaa mara nne mpaka kikawa kidogo kabisa.

"Siku tisa ni chache, sista," akasema. "Ni chache mno."